Kibarua akikatika vidole, sheria haimuulizi glavu

Tangu Januari mosi mwaka huu wa 2026, ukikaa na waajiri wadogo wa Dar es Salaam wimbo ni mmoja: mshahara umepanda, biashara haijapanda. Oktoba iliyopita serikali ilitangaza kima cha chini kipya cha sekta binafsi, kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322, ongezeko la kama asilimia 30, ingawa viwango vinatofautiana kutoka sekta moja hadi nyingine. Wapo waliokubali yaishe na kupanga bei zao upya. Wapo pia waliopata dawa ya mkato, na hao ndio walionishikisha kalamu. Dawa yenyewe ni kubadilisha majina. Aliyekuwa mfanyakazi anaambiwa kuanzia leo ni kibarua. Fundi wa karakana anaambiwa ni fundi wa kujitegemea, alipwe kwa kipande. Dereva wa kirikuu anaambiwa gari "amekodi". Nimeyasikia haya Keko kwa maseremala, nikayasikia tena kwenye godauni moja Vingunguti, na kila mara maelezo yanaishia pale pale: kwanza unakikwepa kima kipya, pili mtu akiumia hakudai kitu, maana si mtu wako.

Hesabu ya kwanza nawaachia maofisa kazi. Ya pili ndiyo inayonihusu hapa, na ni hesabu mbovu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi haitazami mtu ameandikwa kwa jina gani kwenye daftari la bosi, wala haianzi kwa kutafuta nani alizembea. Inataka kujua mambo mawili tu: je, huyu aliyeumia alikuwa akimfanyia mwingine kazi kama mwajiriwa, na je, jeraha lake limetokana na kazi hiyo, akiwa kazini? Yakijibiwa ndiyo, haki ya fidia ipo. Kinachonisikitisha ni kwamba uongo huu wa majina hauaminiwi na mabosi peke yao. Wafanyakazi wenyewe wameuamini zaidi, wanajihukumu wenyewe kitandani hospitalini, na dai linakufa kabla halijamfikia mtu mwenye mamlaka ya kulikataa.

Tuanze na chimbuko, maana bila hilo sheria hii inaonekana kama zawadi. Mwaka 1884 Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini, ikiwa na wazo jipya kwa wakati ule: mfanyakazi wa kiwandani aliyeumia alipwe bila kulazimika kuthibitisha mahakamani kwamba tajiri wake ana kosa. (Mwaka huohuo, mwishoni, Karl Peters, wakala wa ukoloni wa Kijerumani, alikuwa Usagara akiwawekesha machifu wetu alama kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma, huruma ya sheria haikupandishwa meli.) Uingereza ilifuata mwaka 1897, na hapo ndipo ulipozaliwa msemo ambao hadi leo umebeba sheria za aina hii duniani: ajali iliyotokana na ajira na iliyotokea katika muda wa ajira. Sisi tuliurithi kupitia sheria ya kikoloni ya mwishoni mwa miaka ya 1940, ile Sura ya 263, ambayo tulibaki nayo zaidi ya nusu karne huku shilingi ikishuka na viwango vyake vikisimama, hadi ikafika mahali familia ya marehemu inapewa kiasi kisichofika hata laki mbili. Sheria mpya, Namba 20 ya mwaka 2008, ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Michango ilianza kukusanywa Julai 2015, na malipo ya fidia yakaanza mwaka mmoja baadaye. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Haruhusiwi kumkata mfanyakazi hata senti. Sekta binafsi ilianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara, ikashushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5, sawa na serikali. Kwa mtu wa kima kipya cha Sh 358,322, hiyo ni kama Sh 1,792 kwa mwezi. Kwa mama lishe ni chai na chapati mbili, na chenji ya daladala haitoshi.

Sasa ule msemo wa tangu 1897. Una miguu miwili, na watu wengi huusimamisha kwa mguu mmoja. Mguu wa kwanza ni "wakati wa kazi". Huo si geti la kiwanda wala saa ya kuchapa kadi. Muuza duka wa Kariakoo akitumwa na tajiri kupeleka fedha benki Posta, akagongwa na pikipiki mtaa wa Samora, yuko kazini ingawa duka liko mbali naye. Utingo akiangukiwa na gunia akiwa amelala chini ya lori kwenye foleni ya mpakani Tunduma, kwa sababu kazi yenyewe inamtaka alinde mzigo usiku, sioni utakavyosema hakuwa kazini. Mguu wa pili ni "kutokana na kazi", na huu ndio unaowapinga wafanyakazi wanaodhani kila kilichotokea ndani ya uzio wa kampuni kina fidia. Mlinzi akikatwa panga na wezi usiku wa zamu, jeraha limetokana na kazi yake, kwani kusimama mlangoni pa mali ya mtu ndiko kulikomkutanisha na panga. Lakini wafanyakazi wawili wakitwangana ngumi kantini kwa dau la Simba na Yanga, aliyevunjwa taya alikuwa kazini kwa saa na kwa mahali, ila kazi haikumvunja taya. Yamemvunja mapenzi ya mpira, na kwa hilo sijasikia mfuko unaochangiwa.

Mfano mzito zaidi tulikuwa nao hapa mjini na tukaupita. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Nchi nzima ilizungumza juu ya jengo: nani alilijenga, nani alikuwa anachimba chini, vibali viko wapi. Serikali ikabeba gharama za matibabu na mazishi, na ilistahili sifa kwa hilo. Sikusikia wengi wakiuliza swali kavu la kisheria: kati ya waliofukiwa, nani alikuwa kwenye ajira? Ninavyoisoma sheria, kijana aliyeajiriwa kuuza nguo kwenye duka lililofunikwa na kifusi alipata ajali ya kazini, hata kama tajiri wake hakuwa na kosa lolote na pengine alikufa pamoja naye. Alikuwa pale kwa sababu ya kazi. Mwenye duka, aliyejiajiri, yuko nje ya mfuko huu. Mteja aliyeingia kuulizia bei naye yuko nje. Kifusi ni kimoja, hadhi ni tatu, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mjane atapata malipo ya kila mwezi au atabaki na daftari la rambirambi. Nani aliyewaambia wajane hao?

Kuhusu safari ya kwenda na kurudi kazini, ambayo kwa mkazi wa Gongo la Mboto au Bunju ni karibu zamu nyingine kamili, nitasema kwa kifupi. Basi au gari lililotolewa na mwajiri kubeba wafanyakazi wake ndilo lenye jibu lililo wazi kuliko mengine: safari hiyo ni sehemu ya ajira. Ukitumwa, umetumwa, uwe kwenye daladala au kwa miguu. Mengine yote yanategemea njia uliyoshika, saa, na agizo la nani, na aliyepinda kwenda kwanza kwenye kikao cha harusi Sinza amejiongezea mzigo wa maelezo. Ushauri wangu hapo ni mmoja: peleka dai, wakatae wao.

Nirudi kwenye kosa, maana hapo ndipo penye imani kali kuliko zote. Namfahamu fundi mmoja aliyekuwa kwenye karakana ya samani Keko. Mei mwaka jana msumeno wa meza ulimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada hadi mzizini na cha kati nusu. Alikuwa anapasua ubao wa mninga wenye fundo. Ubao ukaruka, mkono ukafuata. Kiongozi wa karakana alimtembelea wodini na juisi ya boksi, akamwambia kwa upole kabisa: "Mdogo wangu, glavu ulivua mwenyewe. Sasa utamdai nani?" Na fundi akakubali. Kwa miezi alikuwa akinisimulia kisa hiki kama mtu anayeungama. Ajabu ni kwamba hata kiufundi maneno yale yalikuwa kinyume. Fundi yeyote aliyefundishwa msumeno wa mzunguko anajua kwamba glavu kwenye jisu linalozunguka ni hatari: uzi wake ukinaswa, unavuta mkono mzima ndani. Kinachomlinda mtu pale ni kifuniko cha jisu na kipande cha mti cha kusukumia ubao. Kifuniko cha msumeno ule kilikuwa kimefunguliwa muda mrefu ili mbao nene zipite haraka, na kilikuwa kinatumika kushikilia mlango wa choo usijifunge.

Lakini hebu tuseme glavu ilihitajika, na kweli alivua. Bado sheria isingeanzia hapo. Uzembe wa kawaida, ule wa kuchoka saa tisa alasiri, wa kuharakisha kwa sababu mteja yuko mlangoni, haumnyimi mtu fidia. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa nidhamu mkubwa na wa makusudi: amelewa kazini, au ameivunja kanuni ya usalama akiijua na akikusudia. Na hata huo una mpaka, kwa kuwa akipata ulemavu mkubwa, au akifa na kuacha wategemezi, mlango haufungwi. Watunga sheria walijua watoto wa marehemu hawakunywa ile pombe.

Hapa ndipo ninapokutana na hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, nayo inasemwa na watu wenye shahada: kwamba kumlipa mtu bila kuuliza kosa lake kunazalisha uzembe. Sawa, tuipime kwa namba. Mwenye ulemavu wa muda analipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Aliyekuwa akipata Sh 500,000 atapata Sh 350,000 na mkono wenye bandeji. Mtu anayeamini kwamba kuna seremala atakayeingiza vidole kwenye jisu ili apate pungufu ya asilimia 30 kwenye mshahara hajawahi kumwona seremala akihesabu vidole vyake jioni. Wadanganyifu wapo, sikatai. Wapo wanaokuza maumivu ya mgongo ili wiki mbili ziwe sita. Hao wanashughulikiwa na daktari na tathmini ya ulemavu. Tena hoja hii ina upande wa pili ambao wenye kuisema huuruka. Mwajiri naye, asipoulizwa kosa, si atazembea? Kwa hiyo kuna sheria nyingine kabisa, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wake OSHA, wa kuuliza kifuniko cha msumeno kiko wapi. Kosa lina mahali pake pa kuulizwa. Kulipeleka wodini, kwa mgonjwa, ni kuchanganya mafaili.

Sasa kibarua. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, ina kitu ambacho kila kibarua wa Dar es Salaam alistahili kukijua kama anavyojua nauli. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atadhaniwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, bila kujali sura ya mkataba, ikiwa kigezo hata kimoja kati ya kadhaa kipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na huyo mwingine, saa zake zinapangwa na huyo mwingine, yeye ni sehemu ya shughuli hiyo, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa na huyo mwingine, au anamtumikia mtu mmoja tu. Saa 45 kwa mwezi! Fundi wa Keko alizimaliza ndani ya wiki moja. Msumeno ni wa karakana, saa ya kufungua ni ya karakana, kitanda kinachochongwa kina namba ya oda ya karakana. Mwite "wa kujitegemea" mara mia, umebandika karatasi juu ya ng'ombe ukaandika mbuzi. Na kama hakuna mkataba wa maandishi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ndiye ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, na asipoyatoa mbele ya shauri, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Yaani ile hali ambayo bosi anaiona ni ngao yake, ya kutoandikiana kitu, ikifika mbele ya mwamuzi inamgeukia.

Nisijifanye kwamba kila kesi ni nyepesi. Dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki ni fumbo la kweli. Chombo si chake, na kwa kigezo cha vifaa na cha kumtegemea mtu kiuchumi angekuwa mwajiriwa. Lakini anatoka anapotaka, anabeba amtakaye, anarudi saa aitakayo, na hesabu yake inafanana na kodi ya chombo kuliko mshahara. Mwenye pikipiki akisema huyu ni mpangaji wangu, ana la kusema. Wale wanaopeleka vifurushi vya duka moja, kwa fulana ya duka, kwa ratiba ya duka, ni jambo lingine, na hapo ningesimama upande wao bila kusita.

Hoja ya waajiri yenye nguvu haihusu majina. Inahusu mnyororo. Nenda saiti yoyote ya nyumba ya mtu binafsi, Kigamboni au Goba. Mwenye nyumba kampa fundi mkuu kazi kwa mapatano ya mdomo. Fundi mkuu kampa mtu wa nondo. Mtu wa nondo kaja na vijana wake wanne, na wawili kati yao ni saidia fundi waliookotwa asubuhi ile kijiweni. Mmoja akidondoka kutoka ghorofa ya pili siku ya zege, mwajiri wake ni nani? Fundi mkuu hana ofisi, hana orodha ya mishahara ya kutoa asilimia 0.5, na kwa kipato hawapishani sana na aliyedondoka. Mfuko unaoendeshwa kwa asilimia ya mishahara unajikwaa pale ambapo mishahara haiandikwi popote. Waajiri wakisema sheria imemlenga aliyesajiliwa na kumwacha aliyejificha, nakubaliana nao kabisa, na nadhani wana haki ya kulalamika kwamba mwenye karakana mwaminifu anashindana na asiyechangia. Ila tazama hoja hiyo inaelekea wapi. Inaelekea kwenye kuwaingiza waliojificha. Haielekei kwenye kumtoa aliyekwisha kuwa ndani, na kubadilisha majina ni kumtoa. Halafu sheria haijanyamaza kuhusu aliyejificha: mwajiri asiyejisajili anatenda kosa linaloweza kumpatia faini ya hadi Sh milioni 50 au kifungo cha hadi miaka mitano. Hilo ni kosa lake yeye. Sioni mahali ambapo haki ya aliyeumia imefungwa kwenye stakabadhi ya bosi.

Kuna ujanja mwingine mdogo zaidi, na kwa kuwa hauna kelele unaumiza watu wengi zaidi. Mshahara wa kweli ni Sh 900,000, unaopelekwa kwenye Mfuko ni Sh 450,000. Nusu nyingine inaitwa posho na inapita pembeni kwa simu. Bosi ameokoa Sh 2,250 ya mchango kwa mwezi. Siku mtu huyo akivunjika mguu, asilimia 70 inakokotolewa kwenye kile kilichotangazwa: Sh 315,000 badala ya Sh 630,000. Kwa mwaka mmoja wa kukaa nyumbani amepoteza Sh 3,780,000. Na ulemavu ukiwa wa kudumu, rula ni ileile. Ulemavu unaozidi asilimia 30 hulipwa kama malipo ya kila mwezi, usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo, lakini njia zote mbili zinaanzia kwenye mshahara. Ndiyo maana ninasema kima kipya kimeeleweka nusu. Tumekijadili kama fedha ya mfukoni, ya unga na nauli. Ni kipimo pia cha thamani ya kidole chako siku kikikatika, na cha watakachokula watoto siku usiporudi. Mfanyakazi anayekubali mshahara wake uandikwe pungufu ili "asikatwe sana" amesaini jambo asilolijua.

Mafao yenyewe ni mapana kuliko watu wanavyofikiri: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, malipo ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yamo, ya mapafu kwa wavuta vumbi la mawe, ya masikio kwa wakaao na kelele za mitambo, ingawa hayo huja polepole na huhitaji daktari wa kuuliza swali moja ambalo kliniki zetu hulisahau: unafanya kazi gani?

Swali hilo hilo ndilo linaloua madai ya ajali pia, tena saa ya kwanza. Kijana anafikishwa mapokezi anavuja damu. Nesi anauliza kilichotokea, na kwa majeraha ya namna hiyo huja suala la PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Aliyemleta, mara nyingi mwenzake wa kazini, anaogopa kituo, anaogopa kumponza bosi, anajibu haraka: "Kaanguka nyumbani." Neno hilo linaandikwa kwenye faili. Miezi sita baadaye, faili hilo ndilo litakaloitwa ushahidi. Sidhani kuna kifungu chochote cha sheria kilichowanyima watu fidia kuliko hayo maneno mawili. Mfanyakazi anatakiwa amjulishe mwajiri mapema kadiri inavyowezekana; mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwenye Mfuko; dai lenyewe lina miezi 12. Asiporidhika na uamuzi, njia ya rufaa inafika hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mlolongo huu hautishi kihivyo. Unatisha tu ukiwa umeanza kwa uongo wa mapokezi.

Yako mambo ya kufanya yasiyohitaji Bunge. Fomu ya mapokezi hospitalini iwe na kisanduku kimoja cha "ajali ya kazini", ndiyo au hapana, na nesi akijaze kabla ya kuuliza juu ya polisi. Halmashauri zinazotoa leseni za biashara zinajua karakana zilipo, mtaa kwa mtaa; anayehuisha leseni aonyeshe pia usajili wa WCF. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo Januari vilipongezana kwa kima kipya, vishuke vijiweni wanakookotwa saidia fundi saa kumi na mbili asubuhi, vikawasomee kile kifungu cha 61. Na mwenye saiti aandike majina ya siku kwenye daftari la kawaida la shule, kila asubuhi. Atakayenufaika wa kwanza ni yeye, siku atakapojitokeza mtu asiyemfahamu akidai alidondoka kwake.

Yule fundi wa Keko alikuja kwangu Februari hii, mwezi wa tisa tangu aumie, kwa jambo lingine kabisa. Alitaka kujua kama anaweza kupata kibanda cha kuuza vocha. Kwenye pochi alikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, aliyoisaini kwa mkono wa kulia siku alipotoka hospitali: amepokea laki mbili "ya pole" na hatadai chochote tena. Nilimwambia haki iliyowekwa na sheria haiuzwi kwa karatasi ya namna hiyo, akanitazama kama ninayempima. Mkataba? Hakuwahi kuwa nao. Kitambulisho cha kazi? Hapana. Shahidi? Wote bado wako pale, wana watoto. Nikamuuliza alikuwa analipwaje. Akatoa simu, kioo kimepasuka pembeni, akaanza kusogeza ujumbe wa M-Pesa kwa kidole gumba. Umepokea Sh 90,000, Jumamosi. Umepokea Sh 90,000, Jumamosi. Jina la mtumaji ni lile lile, wiki baada ya wiki, mwaka na zaidi kurudi nyuma. Wa mwisho ni wa Jumamosi ya kabla ya ajali. "Hizi," akasema, "nilitaka kuzifuta, simu imejaa."